Poki Ndani ya Mifuko ya Kliniki

Kitalu nyumba cha Arzella Tubbs kilisimikwa Jumanne, tarehe 4 Mei 2021, kwa ruzuku ya serikali, na kilikuwa cha kwanza katika wilaya ya Bogue Tula kumilikiwa na mwanamke. Ofisi ya kilimo ilituma mpiga picha. Katika picha hiyo Arzella, aliyekuwa na miaka sitini na nne, amesimama mlangoni mwa banda la nailoni akiwa na kofia yake ya kanisani. Hatabasamu. Mkono mmoja umeshika nguzo ya chuma kama vile nguzo ingeweza kubadili nia na kuondoka.

"Alikuwa anaogopa," anasema mdogo wake, Cleophus. "Dada yangu anaogopa kila kitu kinachotoka serikalini. Hata stempu anailamba kwa wasiwasi."

Uoga huo ana haki nao. Baba yao alikuwa akienda kuomba mkopo wa mbegu, anaambiwa akae kwenye benchi, anakaa, anarudi kesho yake anakaa tena, mpaka msimu wa kupanda unapita na wenye mashamba makubwa wameshapalilia. Arzella alikua akijua kwamba serikali ikikupa kitu kwa mkono wa kulia, uangalie wa kushoto uko wapi. Ruzuku ya kitalu ilipokubaliwa, alikaa wiki nzima akisubiri mtu apige simu kusema wamekosea jina.

Hakuna aliyepiga. Badala yake, mwaka uliofuata ukaja mpango wa pili, wa kliniki. Mgonjwa wa sukari au presha alikuwa anaandikiwa mboga na daktari kama anavyoandikiwa vidonge, na kila Alhamisi anakwenda kuchukua mfuko wake. Serikali inamlipa mkulima. Bogue Tula haina soko la mboga tangu duka kubwa lilipofungwa. Kilichobaki ni kituo cha mafuta kinachouza soda, viazi vya pakiti na soseji za kopo. Kwa hiyo mifuko ya Arzella ikawa ndiyo soko. Sukuma wiki, majani ya haradali, letasi, vitunguu, figili, vyote vimeoshwa na kupimwa. Mkataba ulikuwa wazi: kisichokuwa kwenye orodha ya mazao yake hakiingii mfukoni.

Poki haikuwa kwenye orodha. Poki ni mmea wa mwituni, haulimwi na mtu. Inajiotea kwenye kingo za mitaro, kando ya uzio, popote udongo ulipovurugwa, na mwezi wa nne machipukizi yake yanafika urefu wa kiganja, mekundu shinani, laini kuliko mboga yoyote ya wakati huo. Unaichemsha, unamwaga maji. Unaichemsha tena, unamwaga. Unaichemsha mara ya tatu, ndipo unaikamua na kuikaanga kwa mafuta ya nguruwe na kitunguu, na mayai mawili juu. Ukiruka hayo maji, tumbo litakugeuka, na ukiwa na bahati mbaya moyo nao. Hakuna mtu mzima wa Bogue Tula aliyewahi kufundishwa hili. Kila mmoja aliliona jikoni kwao. Hulisemi, kama ambavyo humwambii mgeni wako amenye ndizi kabla ya kuila.

Na kuna jambo jingine. Poki ya kwanza ya mwaka haiuzwi, na haitangazwi. Aliyeiwahi anamwachia jirani fungu mlangoni na kuondoka zake. Jirani naye hashukuru, maana mmea ulioshukuriwa, wanasema, hauoti tena mahali pale. Arzella alikuwa ameweka fungu chini ya kila mfuko wa kliniki kwa majira mawili ya machipuko, bila kumwambia mtu. Wazee walikuwa wanalikuta, wananyamaza. Jumapili kanisani walimpa mkono kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida, basi.

Mwaka 2024 mtaalamu wa lishe wa kliniki, Keturah Boyd, mwenye miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Atlanta, aliongeza kundi jipya kwenye mpango: kina mama wajawazito sita. Arzella aliambiwa. Alisikia. Alipanda letasi ya ziada kwa ajili yao. Kisha Jumatano ya tarehe 10 Aprili alikata poki nyuma ya kitalu, akaifunga mafungu kwa vitambaa vya shuka kuukuu, na kuweka fungu moja moja chini ya mifuko yote. Yote. Hakufikiri mara mbili. Ukimuuliza leo atakwambia hata mara moja hakufikiri.

Kesho yake, saa nane mchana, alikuwa kitaluni akifunga nyanya kwenye kamba. Simu ikalia. Alikuwa Keturah.

"Bi Arzella! Umekaa?"

"Nimeinama. Sema, mwanangu."

"Leo asubuhi ungekuwepo. Kina mama wote sita wamekuja, hakuna aliyekosa. Na blenda zimefika!"

"Blenda za nini?"

"Si nilikuambia? Za mpango. Kila mmoja amepewa yake, iko kwenye boksi bado. Nimewafundisha juisi ya kijani. Majani, ndizi, maji ya machungwa, barafu, dakika moja tu. Mwanzo walikunja nyuso kama wanameza dawa ya minyoo, halafu wakaomba tena."

"Majani gani?"

"Si hayahaya yako. Nimewaambia chochote cha kijani mtakachokikuta kwenye mfuko wa Bi Arzella, tupeni ndani, kibichi. Msiende kukichemsha kama bibi zenu mpaka vitamini zote zikaishie kwenye sinki." Keturah akacheka. "Usinikasirikie lakini."

Arzella aliachia kamba. Mche wa nyanya ukainama polepole mpaka ukalala chini.

"Hapo darasani mlisaga yaliyokuwa mfukoni?"

"Hapana, nilitumia spinachi ya kununua. Sikutaka kufungua mifuko ya watu. Ila wameondoka na hamu, ungewaona." Akangoja. "Bi Arzella? Upo?"

"Nipo."

"Kuna tatizo?"

Wakati huo, anasema Arzella, alimwona akilini yule mpiga picha. Aliona nguzo zinang'olewa moja baada ya nyingine na nailoni inakunjwa. Aliwaona wazee wakirudi kwenye soseji za kopo. Alisikia sauti ya mtu asiyemjua, mtu wa ofisini, akisema mnaona sasa, ndiyo maana tulikuwa tunawaambia wakae kwenye benchi. Yote hayo yakapita kwa mara moja, na mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Hapana, mwanangu. Kazi njema."

Akakata.

Cleophus alikuwa nje akifungua bomba lililoziba. Aliendesha malori kwa miaka mingi, ana kitambi na mzaha kwa kila jambo. Alipomwona dada yake anatoka kitaluni akainua kichwa.

"Umekutana na nyoka au na mkaguzi?"

"Cleo. Poki."

"Poki imefanya nini? Na mimi fungu langu liko wapi? Mwaka wa pili huu unaninyima."

"Nimeweka kwenye mifuko yote."

"Kila mwaka unaweka."

"Wale wasichana wenye mimba. Keturah amewafundisha kusaga majani mabichi wanywe."

"Nani anakunywa majani mabichi? Ng'ombe?" Akacheka pumzi moja, ya pili haikutoka. Akaweka spana chini. "Umemwambia?"

Arzella alitazama mikono yake. Ilikuwa ya kijani kwa utomvu wa nyanya.

"Arzella. Umemwambia Keturah?"

"Wataninyang'anya mpango, Cleo. Kitalu chenyewe watakuja kukibomoa. Ngoja kwanza nifikiri."

"Unafikiri nini? Mtoto wa mtu yuko tumboni na wewe uko hapa unafikiri nailoni? Nipe simu."

"Nimesema ngoja."

"Nipe hiyo simu, au niende mjini nikapige kelele barabarani kama kichaa. Unanijua, nitakwenda."

Arzella hakumpa. Alipiga mwenyewe. Vidole vilikosea mara ya kwanza, ikapokelewa na fundi wa matairi.

Keturah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bi Arzella, poki ndiyo nini?" na Arzella akaeleza, mara tatu za maji na yote. Alitarajia kufokewa. Keturah hakufoka. Sauti yake ilishuka ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani.

"Nawapigia sasa hivi. Usikate. Hapana, kata. Kata, kata!"

Ndugu hao wawili waliingia kwenye pikapu na kukaa bila kuwasha injini, simu ikiwa juu ya dashibodi. Cleophus alianza kupiga mluzi, akaacha. Simu ikalia. Keturah alisema mama wa kwanza amepatikana: bibi yake alilikuta fungu, akamnyang'anya, na sasa lilikuwa jikoni linachemka maji ya pili, na bibi anataka kujua ni mpumbavu gani anafundisha watu kunywa poki. Wa pili alilitupa, akidhani ni magugu yaliyotumika kujazia mfuko. Wa tatu na wa nne walipokea simu wakiwa bado njiani kurudi nyumbani. Wa tano alikuwa ameshatia kila kitu kwenye blenda, barafu na ndizi na poki, na alikuwa anatafuta pa kuchomeka waya.

"Na wa sita?" Arzella aliuliza.

"Dominique Rudd. Simu yake inaita tu. Anakaa barabara ya kiwanda cha zamani cha pamba, kwenye nyumba ya trela. Mimi kutoka hapa ni mbali, ninyi mko karibu. Bi Arzella, tafadhali."

Cleophus alikuwa ameshawasha gari.

Jina la Rudd Arzella alilijua, na kulijua kulimwongezea hofu. Ile trela ilikuwa ya Bi Ozie Rudd, aliyeimba naye kwaya. Bi Ozie angeinusa poki akiwa bado barabarani. Lakini alizikwa mwezi wa kumi na moja, na huyu Dominique ni mjukuu wake aliyekulia Milwaukee, akaja kwenye mazishi, akabaki kwa sababu nyumba ilikuwa na paa na kodi haidaiwi. Miaka ishirini na mbili, mimba ya miezi saba, peke yake. Katika kina mama wote sita, ni yeye tu asiyekuwa na mtu wa kumpokonya fungu mkononi.

Barabara ile ni nyembamba, na ulikuwa msimu wa kupanda. Trekta lenye mashine pana ya kupandia lilikuwa limeijaza barabara yote, upande huu mpaka ule, likitambaa. Cleophus alipiga honi. Dereva akanyoosha mkono dirishani, kuwasalimu.

"Hatukusalimii, wewe! Pisha!"

"Pitia shambani," Arzella alisema.

"Kwenye shamba la mtu?"

"Pita, Cleo!"

Pikapu iliruka mtaro na kukimbia juu ya matuta mapya, vitu vyote ndani vikigongana. Arzella alishika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa anamfikiria binamu yao Alvertis, ambaye utotoni alikula poki iliyochemshwa mara moja tu kwa sababu shangazi alikuwa na haraka ya kwenda kuchuma pamba. Alvertis alilala sakafuni siku nzima, midomo myeupe kama chaki, mapigo ya moyo yanapotea na kurudi. Na huyo alikuwa mvulana mwenye nguvu. Na hiyo ilikuwa imechemshwa.

Trela ilikuwa kimya, isipokuwa televisheni. Walibisha. Hakuna jibu. Arzella alisukuma mlango, ukafunguka.

Boksi la blenda lilikuwa sakafuni, limechanwa kwa haraka, kama mtoto anavyochana zawadi. Blenda yenyewe ilikuwa mezani, na ndani yake povu la kijani limeshuka likaacha mstari kwenye kioo. Glasi moja kando, tupu. Kwenye ukingo wa sinki kulikuwa na kitambaa cha shuka kilichofunguliwa. Arzella alitafuta majani. Kwenye sinki hayakuwepo. Kwenye pipa la taka hayakuwepo. Alichovya kidole kwenye blenda na kukigusisha ulimini, na ulimi ukawaka.

"Dominique! Mwanangu! Uko wapi?"

Sauti ilitoka bafuni. Msichana alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea beseni la kuogea, miguu imepanuka, uso umepauka na kulowa jasho. Alikuwa ameshatapika, na taulo alilojaribu kufutia lilikuwa la kijani.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye mboga."

"Mboga zako zina nini, mama?"

"Umekunywa kiasi gani?"

"Glasi moja. Moja na kidogo." Alifumba macho, akangoja kitu kipite. "Ilikuwa kali. Nikaongeza asali. Yule dada alisema mwanzo ni mgumu, mtu unazoea."

"Fungu zima ulitia?"

"Lilikuwa limefungwa vizuri. Nilidhani ndilo la maana."

Arzella alipiga magoti. Alitaka kuuliza jambo moja tu na hakutaka kulisikia jibu.

"Mtoto anacheza?"

"Asubuhi alicheza. Sasa sijui. Tumbo lote linacheza, siwezi kujua lipi ni yeye."

Hospitali ya Bogue Tula ilifungwa miaka mingi iliyopita. Iliyo karibu ni mwendo wa karibu saa moja, na gari la wagonjwa la wilaya, Keturah alisema kwenye simu, lilikuwa limempeleka mtu Greenville. Alikuwa amepiga simu kituo cha ushauri wa sumu, na jibu lilikuwa: mleteni ninyi, msimtapishe kwa nguvu, chukueni blenda na kilichomo. Yeye angewakuta hospitalini. Cleophus alimbeba Dominique kama anavyobebwa bibi harusi, akihema, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Walikaa watatu kwenye kiti kimoja, msichana katikati, blenda miguuni mwa Arzella imefunikwa kwa sahani.

Walipokuwa wamepita daraja, Dominique aliushika mkono wa Arzella na kuuweka juu ya tumbo lake.

"Wewe umezaa?"

"Wanne."

"Basi sikiliza wewe. Mimi ndiye wangu wa kwanza."

Arzella alisikiliza kwa kiganja. Chini ya gauni tumbo lilikaza na kulegea, likakaza na kulegea, na hayo yalikuwa matumbo. Alingoja pigo moja la upande, dogo, lenye ukaidi, lile ambalo mwanamke akishalijua halisahau. Mashamba yalipita. Alihisi kitu, kisha gari likaruka shimo na hakuwa na hakika tena.

"Vipi?" Dominique aliuliza.

"Polepole, Cleo," Arzella alisema. "Endesha sawasawa, nisikilize."

"Nikienda polepole tutachelewa, nikienda mbio husikii. Chagua."

"Mbio," alisema Dominique.

Mlangoni mwa hospitali walikuja na kitanda cha magurudumu. Keturah alikuwa ameshafika, amesimama kando ya daktari, kitambulisho cha kliniki bado kinaning'inia shingoni. Alimvuta Arzella pembeni kabla mlango haujafungwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bi Arzella, sikiliza. Watauliza imeingiaje. Tunaweza kusema ilijiotea katikati ya sukuma wiki yako, ukaivuna bila kujua. Si uongo mkubwa. Ikionekana umeiweka makusudi, wataufunga mpango wote. Mimi nimefundisha wanywe, wewe umewapa. Sote tumekwisha."

Arzella anasema wazo hilo lilimwingia kama maji ya baridi mtu akiwa na kiu. Lilikuwa zuri. Watu wangeamini. Poki kweli inajiotea popote.

Daktari, kijana mrefu mwenye sauti ya haraka, akawafuata.

"Nani anajua alichokula? Nahitaji kiasi. Ni jani moja mawili yaliyochanganyika na mboga nyingine, au ni zaidi? Mambo nitakayomfanyia ni tofauti kabisa."

"Inawezekana yalichanganyika..." Keturah alianza.

"Fungu zima," Arzella alisema. "Kiasi hiki." Akaonyesha kwa vidole vya mikono miwili. "Machipukizi, shina na majani, hakuna mzizi. Nilikata mwenyewe nikafunga mwenyewe nikaweka mfukoni mwenyewe. Blenda ile pale, aliyobakiza ni chini ya nusu."

Daktari aliitazama blenda, akamtazama yeye, akaingia ndani akikimbia.

Waliketi kwenye viti vya plastiki. Keturah alilia kimya kidogo kisha akaenda kumpigia simu bosi wake kumweleza yote, kabla hajaulizwa. Cleophus alinunua kahawa ambazo hakuna aliyekunywa. Kila mlango ulipofunguka Arzella alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine anayetoka, na akaketi tena, mpaka Cleophus akamwambia asimame moja kwa moja apumzishe kiti.

Muuguzi alipotoka hatimaye, alisema mapigo ya mtoto yamesikika. Yalikuwa ya kasi kuliko wanavyopenda, na presha ya mama ilikuwa imeshuka sana. Wamemtundikia maji. Watamwangalia. Arzella aliuliza kama hiyo ni habari njema.

"Ni habari," muuguzi alisema.

Dominique alikaa hospitalini mpaka Jumamosi. Siku hiyo Arzella alikwenda kumchukua, kwa sababu hakuna mwingine wa kumchukua, na alimkuta ameketi kitandani amevaa viatu.

"Ulitaka kuniua?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini hukusema? Hata karatasi ndogo tu, *chemsha hii*. Kliniki inaniandikia mpaka namna ya kumeza kidonge cha chuma."

"Kwetu haisemwi. Ndivyo tulivyokuta."

"Nani alisema haisemwi?"

Arzella alitafuta mtu wa kumtaja. Mama yake hakuwahi kusema hivyo, wala Bi Ozie. Hakuna aliyewahi kusema.

"Sijui," alijibu.

"Bibi yangu alikuwa anaila?"

"Alikuwa akiipenda kuliko nyama."

Dominique akashuka kitandani peke yake, akikataa mkono.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili, Arzella alizuiwa kupeleka mifuko kliniki mpaka kikao kitakachosikiliza suala lake, ambacho kimepangwa tarehe 7 Mei. Keturah naye ataitwa. Kuhusu kitalu hakuna aliyesema lolote, na Arzella anakesha usiku akisikiliza kimya hicho. Wiki hii wazee watapata mboga za kopo kutoka ghala la wilaya. Mmoja wao alimpigia simu kumtukana, mwingine kumwombea, na wa tatu kuuliza kama bado imebaki poki nyuma ya kitalu.

Daktari anataka kumwona tena Dominique Alhamisi. Mapigo ya mtoto yalirudi kawaida Ijumaa asubuhi, yakapanda tena jioni, na hawajui sababu. Inaweza kuwa poki, inaweza kuwa jambo jingine ambalo lilikuwepo kabla. Dominique hana gari. Arzella alimpigia kumwambia kwamba yeye na Cleophus wangempeleka, akasikia televisheni upande wa pili.

"Njoo saa mbili asubuhi," Dominique alisema. "Na usije na kitu."

Alhamisi saa mbili asubuhi watampitia. Kipimo cha moyo wa mtoto ni saa nne.